Muulize Bi Tiketi: Jogoo wa Rambo na babu wa Mpwapwa

SWALI: Shikamoo Bi Tiketi. Sisi ni vijana wa saluni ya kiume hapa Chang'ombe, Dodoma. Juzi umeme ulikatika, mashine zikanyamaza, ubishi ukaanza. Mwenzangu anashikilia kwamba Rambo alipigana Vietnam kweli, ndiyo maana anashika ile rashasha kwa mkono mmoja kama anashika mwiko. Dereva wa bodaboda anayeegesha mlangoni kwetu anasema wacheza sinema wote ni watu wa poda tu, hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia risasi ya kweli ikimpita sikioni. Wamewekeana jogoo wa kienyeji. Tunaomba utukatie ubishi huu kabla jogoo hajazeeka. (Kinyozi, Chang'ombe)

JIBU: Marahaba wanangu. Jogoo mleteni kwangu, maana wote wawili wamekosa.

Wasomaji wapya wanaojiuliza huyu bibi ana mamlaka gani ya kula jogoo wa watu: nilikata tiketi kwenye dirisha la sinema hapa mjini kuanzia 1971, nikiwa binti wa miaka kumi na tisa, mpaka video zilipotuua. Sinema ilipofunga nikafungua kibanda umiza changu Majengo, deki moja, runinga ya inchi 21, mabenchi sita na jenereta lililokuwa linapiga kelele kuliko picha yenyewe. Rambo namjua. Amenisomeshea watoto wawili.

Sasa huyo Rambo. Jina lake ni Sylvester Stallone, amezaliwa 1946, kwa hiyo umri wa kwenda Vietnam alikuwa nao kabisa. Hakwenda. Miaka ile alikuwa mwanafunzi, kwanza Uswisi, kisha Miami. Ile rashasha unayoiona ameishika kwa mkono mmoja, askari wa kweli huilaza chini, akaiweka miguu yake miwili, na mwenzake akakaa pembeni kulisha risasi. Kinyozi mwenzako ameliwa.

Na kwa kuwa mtaniuliza tu: Schwarzenegger, yule tuliyekuwa tunamwita Komando, alitumikia jeshi la kwao Austria mwaka mmoja, 1965, kwa sheria ya kila kijana wa huko. Alikuwa anaendesha kifaru. Vita hakuona, alichoona ni mahabusu, maana alitoroka kambini kwenda kushindana kutunisha misuli Ujerumani, akarudi na ushindi, akafungiwa. Chuck Norris aliingia Jeshi la Anga la Marekani mwaka 1958 akapelekwa Korea, lakini vita ya Korea ilikuwa imesimama tangu 1953. Alichorudi nacho kutoka Korea ni karate. Vita ilikuja kumfikia kwa njia nyingine: mdogo wake, Wieland, aliuawa Vietnam mwaka 1970. Zile picha zake za kwenda kuokoa mateka Vietnam, ambazo vijana wangu wa Majengo walikuwa wanapiga makofi mpaka vumbi linaamka, aliziigiza akiwa na msiba huo kifuani.

Basi bodaboda anashangilia. Atulie kidogo.

Mwambieni aanze na Charles Bronson. Wazee wote wa mji huu wanamjua, yule mwenye sura kama ukuta wa mawe na masharubu yaliyoshuka. Kwenye picha za kauboi alikuwa anaongea maneno matano tangu mwanzo hadi mwisho, na bado watu walikuwa wanapanga foleni mpaka barabarani. Bronson alizaliwa mwaka 1921 kwenye familia ya wachimba makaa ya mawe Pennsylvania, watoto kumi na watano, yeye wa kumi na moja. Baba alipofariki, naye akaingia shimoni kuchimba. Mwaka 1943, Vita ya Pili ya Dunia ikiwa inaendelea, akajiunga na jeshi. Wakampa rashasha kwenye B-29, ile ndege kubwa ya mabomu, wakamweka kisiwa cha Guam, na kutoka huko akaruka safari 25 kwenda kuipiga Japani. Akajeruhiwa, akapewa nishani ya majeruhi. Huyo ni mtu wa poda?

Lee Van Cleef, adui wetu mkubwa, yule mwenye macho ya mwewe, ambaye akitokea tu ukumbi mzima unasema "ahaaa", alikuwa mwanamaji kwenye meli ya kutegua mabomu ya baharini. Kazi yake ilikuwa kuvaa vidude masikioni na kusikiliza mlio wa nyambizi chini ya maji. Lee Marvin, yule wa mvi na sauti ya kokoto, alikuwa Marine, askari wa majini wa Marekani. Tarehe 18 Juni 1944, kisiwani Saipan, risasi ya rashasha ilimpasua sehemu ya makalio ikakata mshipa wa fahamu. Alikaa hospitali zaidi ya mwaka. Kupona kwake, akapata kibarua cha msaidizi wa fundi bomba, na siku moja akiwa anatengeneza bomba kwenye ukumbi wa maigizo, mwigizaji mmoja akawa mgonjwa, wakamwambia hebu wewe mrefu panda jukwaani. Ndivyo alivyoanza. Mafundi bomba wa Dodoma msikate tamaa.

Sasa niseme jambo nililoligundua nikiwa dirishani, na mwenye kupinga aje. Waliopigana kweli, kwenye picha huwa hawana mbwembwe na bunduki. Mtazameni Marvin akiishika. Anaishika kama mkulima wa Kibaigwa anavyoshika jembe: ni chombo cha kazi, kinachosha, kina uzito, na kazi ikiisha anakiweka chini. Hakipigi busu, hakizungushi kidoleni. Wanaozungusha ni wale waliosoma Miami.

Mwenye nishani nyingi kuliko wote ni kijana ambaye mkimwona mngemtuma dukani. Audie Murphy, mtoto wa wakulima maskini wa Texas, mfupi, uso wa mtoto. Alikwenda kwa Marine wakamkataa kwa udogo wake, akaenda kwa askari wa mwavuli wakamkataa pia. Dada yake akasaini karatasi ya kumwongezea umri, ndipo jeshi la kawaida likamchukua. Tarehe 26 Januari 1945, karibu na kijiji cha Holtzwihr nchini Ufaransa, Wajerumani walikuja na vifaru na askari wengi wa miguu. Akawarudisha watu wake nyuma msituni, yeye akabaki. Pembeni yake kulikuwa na gari la kivita la kwao linawaka moto, tenki la mafuta linaweza kulipuka saa yoyote. Akapanda juu yake, akashika rashasha iliyokuwa hapo, akapiga karibu saa nzima, huku simu iko mkononi anaelekeza mizinga ya kwao. Mguu umejeruhiwa. Walimpa nishani ya juu kabisa ya Marekani, na hapo hata miaka ishirini na moja hajatimiza.

Mwaka 1955 wakatengeneza picha ya maisha yake, To Hell and Back, na anayemwigiza Audie Murphy ni Audie Murphy mwenyewe. Mwanzoni hakutaka. Ilipata fedha nyingi mpaka kampuni yake haikupata nyingine ya kuipita kwa miaka ishirini. Lakini nyumbani, mtu huyu alikuwa analala na bastola chini ya mto. Usiku alikuwa anaota anaamka anapiga kelele. Alifika mahali akasema hadharani kwamba askari wanaorudi wanaumwa ugonjwa usioonekana na serikali iwatibu, wakati ambapo mwanamume kusema hivyo ilikuwa aibu. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1971, mwaka ule ule nilioanza kukata tiketi.

James Stewart labda vijana hammjui, ila mabibi zenu wanamjua, yule mrefu mwenye kugugumia. Huyu alikuwa tayari nyota, amekwisha kupata tuzo ya Oscar, vita ilipomkuta. Jeshi lilimpima likamkataa: mwembamba mno kwa urefu wake. Akaenda kula, akarudi, akapita. Alianza na cheo cha chini kabisa Machi 1941, akamaliza vita akiwa kanali, amerusha ndege za B-24 kutoka Uingereza kwenda Ujerumani mara 20. Mume wangu nilimsimulia habari za Stewart, naye hakuuliza habari za mabomu. Aliuliza, "Kule juu hakukuwa na baridi?" Ilikuwepo. Ndege zile zilikuwa zinapitisha upepo, watu wanavaa nguo zenye nyaya za umeme za kupasha joto, na bado vidole vilikuwa vinaganda vikafa. Mume wangu akatikisa kichwa kana kwamba ameambiwa habari ya jirani. Huyo mume wangu nitamrudia.

Kisha yupo Richard Todd wa Uingereza, na kisa chake nikikisimulia watu huniomba nirudie. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, siku ya kuvamia Normandy, Todd aliruka kwa mwavuli na kikosi chake kwenda kuwasaidia wenzao walioteka daraja la mfereji huko Bénouville. Waliolishika daraja lile waliongozwa na Meja John Howard. Todd akafika, akakutana na Howard palepale darajani, gizani, risasi zinalia. Miaka kumi na minane baadaye inatengenezwa picha ya siku hiyo, The Longest Day, ya 1962. Todd anapewa nafasi. Ya nani? Ya Meja Howard. Kwa hiyo akasimama kwenye daraja, amevaa kombati ya mtu mwingine, anajifanya anamngoja Richard Todd afike.

Na tusiende mbali wakati mambo yako hapa nyumbani. Mnaikumbuka Hatari!? Picha ya Wamarekani yenye jina la Kiswahili. Tulipoibandika ukutani watu walidhani ni tangazo la umeme. Ilipigwa hapa hapa Tanganyika, mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, huko Arusha chini ya Mlima Meru, uhuru haujafika. Stelingi alikuwa John Wayne. Wayne ndiye askari mkuu wa sinema za Marekani, amepigana vita zote kwenye turubai. Vita yenyewe ilipokuja alikuwa na miaka 34, mke na watoto wanne, akaahirishiwa kwa sababu ya familia, na kampuni yake ya sinema nayo ikapigania asiondoke. Hakuvaa kombati ya kweli hata siku moja. Simlaumu kwa watoto wanne. Nasema tu.

Lakini kwenye picha ile ile yumo Mjerumani mmoja mwenye nywele za dhahabu, anayeendesha gari la kukimbiza wanyama. Huyo ni Hardy Krüger. Alizaliwa Berlin mwaka 1928, wazazi wake wakiwa wafuasi wa Hitler, wakampeleka shule maalumu ya chama. Akiwa mtoto alicheza picha moja ya propaganda. Machi 1945, Ujerumani imekwisha kushindwa ila haijakubali, wakamvisha gwanda la SS, jeshi la chama cha Hitler, akiwa na miaka kumi na sita wakamsukuma mbele ya Wamarekani. Akaamriwa awapige kundi la askari wa Kimarekani. Hakuweza. Wakamhukumu kifo kwa woga. Ofisa mmoja akaitengua hukumu, na baadaye kijana akatoroka.

Huyo ndiye aliyekuja Momella kupiga picha na John Wayne. Kazi ilipokwisha wenzake walipanda ndege, yeye akanunua shamba palepale Momella, kati ya Meru na Kilimanjaro, akaishi nchini kwetu miaka zaidi ya kumi. Mwaka 1977 aliigiza jenerali wa SS kwenye picha ya vita. Kati ya kipande na kipande, wenzake wakinywa chai, yeye alikuwa anavaa koti refu juu ya lile gwanda, ili asijione. Alifariki 2022. Ninyi vijana mkiangalia Hatari! kwenye simu, msimtazame Wayne. Mtazameni yule wa usukani.

Nyongeza ndogo, kisha jogoo. Vita ya Kwanza ya Dunia nayo ina watu wake, ile vita iliyopita na wazee wetu wa Ugogo ikabeba ng'ombe, nafaka na wanaume wa kupagaza, ikatuachia njaa ya Mtunya. Upande wa Ulaya kulikuwa na kikosi cha London Scottish. Ndani ya kikosi hicho kimoja walipita vijana wanne waliokuja kuwa nyota wa Hollywood: Ronald Colman, Basil Rathbone, Claude Rains na Herbert Marshall. Rains alipigwa na gesi ya sumu, jicho moja likabaki karibu kipofu. Marshall alikatwa mguu, akacheza sinema maisha yake yote na mguu wa bandia, tena mahaba, na wasichana wakazimia. Rathbone aliyeigiza Sherlock Holmes alikuwa anatambaa mpaka mitaro ya Wajerumani mchana kweupe, amejifunika majani kama mti, akapata nishani. Kaka mtu ameondoka vitani bila mguu, bila jicho, anakuja kuwaambia Wamarekani "nakupenda" kwa sauti nzuri. Hao nao ni watu wa poda?

Jogoo, namsubiri. Asiwe mtetea.

SWALI: Bi Tiketi, unataja wanaume tu. Hakuna mwanamke wa sinema aliyepigana? (Msomaji wa kike, Kongwa)

JIBU: Umenishika. Nitamtaja mmoja, naye hakufyatua bunduki, ila aliyofanya yangemnyongesha kama angekamatwa. Josephine Baker, mwanamke mweusi kutoka St. Louis, Marekani, aliyekwenda Paris akawa mcheza ngoma na nyota wa sinema. Wajerumani walipoiteka Ufaransa, yeye akawa anasafiri na bendi yake kama kawaida, mipakani maofisa wanaomba saini yake, na kwenye karatasi zake za muziki kumeandikwa siri za jeshi kwa wino usioonekana. Karatasi nyingine alizibana kwa pini ndani ya nguo za ndani. Nani angempekua Josephine Baker? Ufaransa ilimpa nishani za vita, na tarehe 30 Novemba 2021 ikamwingiza Panthéon, wanakozikwa wakuu wao. Mwanamke mweusi wa kwanza humo.

Na kwa kuwa unatoka Kongwa: waulize wazee wenu habari za matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947. Baadhi yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyovuliwa mzinga na kufungwa jembe. Vilitoka kuua watu Ulaya vikaja kushindwa na mibuyu ya Kongwa.

SWALI: Mbukwenyi bibi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Dodoma, nasomea mambo ya filamu. Kwa kazi yangu ya mwisho nataka kutengeneza filamu fupi ya Vita ya Kagera. Babu yangu aliyeko Mpwapwa alipigana vita hiyo, na nilitaka aigize nafasi yake mwenyewe, kama alivyofanya huyo Mmarekani unayempenda, Audie Murphy, niliyemsoma kwenye safu yako ya zamani. Tatizo, babu akiulizwa habari za vita anaanza kusimulia bei ya alizeti. Nimfanyeje aongee? Na nikipata fataki za kuigiza mlio wa bunduki, je, zitamsaidia kukumbuka? (Mjukuu, Dodoma)

JIBU: Mbukwa mjukuu wangu. Fataki ziache huko huko dukani. Usimpelekee babu yako fataki. Nimelisema hilo kwanza ili hata ukiacha kusoma hapa, liwe limekuingia.

Sasa nimrudie mume wangu, Mungu amlaze mahali pema. Alikuwa dereva wa lori. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipoingia Kagera, Mwalimu akatangaza kwamba sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, na mwezi uliofuata mume wangu akachukuliwa pamoja na wanamgambo wengine. Alirudi katikati ya 1979, Kampala imekwisha kuanguka tangu Aprili. Alirudi mzima, isipokuwa sikio la kushoto lilikuwa zito, na alikuwa hawezi tena kukaa ameupa mlango mgongo. Hata msikitini alikuwa anatafuta nguzo.

Kila jioni alikuwa anakuja kunisubiri mpaka onyesho la mwisho liishe. Mwaka 1980 tukaletewa picha ya vita, nzuri, kila siku ukumbi unajaa. Nikamwambia, ingia bure, nimekuwekea kiti cha mwisho nyuma kabisa, ukutani. Akaingia. Hazikupita dakika kumi, namwona ametoka, amekaa kwenye kigogo pembeni ya muuza karanga, mgongo ukutani, anamenya karanga za watu bila kuzila. Amejaza kikofia kizima. Nikamuuliza, picha mbaya? Akasema, "Hapana. Wanakufa haraka mno."

Hakuongeza neno. Nami sikuuliza tena, maana dirishani foleni ilikuwa inanisubiri, na kusema kweli niliogopa. Hilo nililijutia miaka mingi. Picha za kauboi aliendelea kuziona, za Bronson hasa. Za vita hakuona nyingine mpaka anakufa.

Miaka kumi na sita ikapita. Siku moja mwaka 1996 tunakula, ugali wa uwele na mlenda, mwanangu wa pili alikuwa anajifunza udereva, akauliza tu, bila kuwa na nia yoyote: "Baba, lile lori lako la Uganda lilikuwa na gia ngapi?" Baba akamtajia gia. Akataja na breki zilivyokuwa zinashika vibaya upande wa kulia. Kisha akaeleza barabara ya Lukaya, ukitoka Masaka kuelekea Kampala: kinamasi kulia, kinamasi kushoto, barabara katikati kama mstari wa daftari, ukitoka nje umezama na gari na mzigo. Walikuwa wanapita usiku, taa zimezimwa. Lori la mbele limefungwa kitambaa cheupe nyuma, chako ni kukifuata kitambaa. Akasema usiku mmoja alikifuata kitambaa, kikasimama, naye akasimama, akangoja, kitambaa hakiendi. Alivyongoja sana akashuka kwenda kumuuliza mwenzake kulikoni. Hapo akanyamaza, akamalizia ugali wake, akaenda kunawa.

Maneno hayo yalichukua muda usiozidi wa kula bakuli moja. Yalipatikana kwa swali la gia.

Kwa hiyo mjukuu wangu, usimuulize babu yako "vita ilikuwaje". Swali hilo lina mlango mmoja tu na amekwisha kuufunga. Muulize viatu alivyopewa vilimtosha? Walikuwa wanapika nini, nani mpishi, chumvi waliipata wapi? Bunduki aliibeba bega gani, na mvua ikinyesha aliifunika na nini? Alikuwa analala na nani karibu? Akianza habari za bei ya alizeti, usimkatishe. Mwache afike mwisho wa alizeti, umuulize kule Uganda walikuwa wanalima nini. Kamera usiielekeze usoni. Ielekeze mikononi, mpe kitu cha kufanya, apukuchue mahindi au afume ukili. Mtu aliyeshika kazi huongea yasiyotarajiwa.

Na kuigiza? Muulize mara moja, kwa adabu, mkiwa wawili tu, si mbele ya wajomba. Akikataa, amekataa. Richard Todd naye hakujiigiza, alivaa kombati ya mtu mwingine, na picha haikuharibika. Tafuta kijana wa Mpwapwa amwigize babu yako, na babu umpe kazi ya kukaa kando akamsahihisha kijana: hapana, hatukuwa tunashika hivyo. Hiyo kazi ataipenda, utashangaa. Sauti za bunduki utaziweka baadaye kwenye kompyuta, yeye akiwa kwao, hazisikii.

Jambo la mwisho ni la ratiba, nakuandikia kama bibi. Utarekodi mchana, utafurahi kwa ulichopata, na utataka kuwahi basi la jioni urudi chuoni ukaanze kukata vipande. Usiwahi. Mtu akiyatoa mchana, humrudia usiku. Lala hapo hapo Mpwapwa, chumba cha pili na babu yako, mlango uache wazi kidogo. Ukimsikia ameamka, usiwashe taa ghafla wala usimguse. Mwite jina lake kutoka mlangoni, umwambie wewe ni nani, kisha kakoke moto wa chai. Mabasi ya asubuhi yapo.